Yanayosemwa Kipili kuhusu upasuaji wa moyo, na majibu yake

Habari za upasuaji wa moyo kwa tundu dogo zimefika Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi. Zimekuja kwa redio, kwa simu za vijana, na kwa ndugu walioko Dar es Salaam wanaopiga jioni kumjulia hali mgonjwa na kutoa ushauri. Nimezisikia mwaloni wanawake wakigeuza dagaa, nimezisikia kwenye benchi la zahanati, nimezisikia ndani ya gari la Namanyere. Kila anayesimulia huongeza au hupunguza. Ningeyaacha yapite kama maneno mengine ya safarini, lakini haya watu wanayafanyia maamuzi. Kuna familia inayokataa rufaa kwa sababu imeambiwa kupasuliwa kifua ni kufa. Kuna nyingine ina barua ya rufaa mkononi na haiondoki, inasubiri njia ya tundu ifike Sumbawanga. Zote mbili zinapoteza muda, na valvu iliyoharibika haingoji.

Kabla ya kujibu, tuelewane kidogo kuhusu moyo wenyewe. Una valvu 4, na kila moja hufanya kazi kama mlango unaofunguka upande mmoja tu, damu ikishapita isirudi. Zinazotusumbua zaidi ni mbili za upande wa kushoto: mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini, na valvu ya aota, iliyo kwenye njia damu inapotoka kwenda mwilini. Valvu inaweza kubana, inaweza kuvuja, na mara nyingi hufanya yote mawili. Mbali na valvu kuna mishipa ya koronari, ile inayozunguka juu ya moyo na kuulisha moyo wenyewe. Hiyo huziba kwa mafuta yanayojijenga ndani ya kuta zake. Mtu anaweza kuwa na valvu mbovu peke yake, mishipa iliyoziba peke yake, au vyote kwa pamoja. Huyu wa tatu ndiye mgumu kutibu, na ndiye ambaye maneno ya mitaani yanampotosha zaidi.

"Moyo ukishasimamishwa hauwaki tena."

Unawaka. Tarehe 6 Mei 1953, Philadelphia, daktari John Gibbon aliunganisha msichana wa miaka 18 kwenye mashine iliyofanya kazi ya moyo na mapafu, akaziba tundu lililokuwa ndani ya moyo wake, na msichana akapona. Tangu hapo njia hiyo imetumika kwa mamilioni ya watu. Moyo hupozwa na kutulizwa kwa dawa yenye potasiamu, mashine inachukua kazi ya kuzungusha damu na kuitia hewa, daktari anafanya kazi yake, kisha dawa inaoshwa na moyo unaanza kupiga, mara nyingi wenyewe, mara nyingine kwa kushtuliwa na umeme kidogo. Hapa Tanzania upasuaji wa namna hii ulianza Muhimbili mwaka 2008.

Hofu hiyo siidharau, maana hatari ipo. Kwa kumbukumbu za hospitali za Marekani, kati ya wagonjwa 100 wanaobadilishiwa valvu ya aota pekee, hufariki karibu 2. Wakibadilishiwa valvu hiyo na kupandikiziwa mishipa ya koronari kwa mara moja, idadi huwa karibu mara mbili. Ikiwa valvu yenyewe ni mitrali na mishipa pia imeziba, hatari hupanda zaidi ya hapo. Hizo ni hospitali zenye kila kitu. Kwa hiyo daktari anayemwambia mgonjwa kwamba upasuaji wa vitu viwili kwa pamoja ni mzito kuliko wa kimoja anasema kweli, na familia ina haki ya kuuliza ni mzito kiasi gani kwa mgonjwa wao.

Lakini tuweke na upande wa pili wa mizani, ambao mwaloni hautajwi kabisa. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uitwao PARTNER, wa wazee waliokuwa na valvu ya aota iliyobana sana na ambao hawakufaa kupasuliwa. Kati ya wale waliopewa matibabu ya kawaida bila valvu mpya, nusu walifariki ndani ya mwaka mmoja. Kukaa nyumbani nako kuna hatari yake. Inatuponyoka tu kwa sababu haina tarehe, haina chumba cha upasuaji, na hakuna anayetia saini kabla haijaanza.

"Siku hizi hawapasui. Wanapitisha waya tu, jioni unarudi nyumbani."

Hili ndilo kubwa, na ndilo nitakalokaa nalo, kwa sababu nusu yake ni kweli na nusu hiyo ndiyo inayodanganya.

Watu wanachanganya mambo mawili chini ya jina moja la tundu dogo. La kwanza ni mrija mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa wa mkono au wa kinena na kusukumwa mpaka kwenye moyo, mgonjwa akiwa macho mara nyingi, daktari akiutazama kwenye skrini ya eksirei. Hapo hakuna kisu cha kifuani. Kwa njia hii mshipa uliobana hutanuliwa kwa puto na kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma kinachouacha wazi. Andreas Gruentzig aliutanua mshipa wa moyo kwa puto kwa mara ya kwanza Zurich mwaka 1977. Na tangu mwaka 2002, Alain Cribier alipofanya hivyo Rouen, Ufaransa, imewezekana pia kupeleka valvu mpya ya aota kwa mrija, imekunjwa, ikifika inafunguka na kuisukuma ile ya zamani pembeni.

La pili ni upasuaji kamili wa moyo, ila mlango wake ni mdogo. Badala ya kupasua mfupa wa kidari kutoka juu mpaka chini, mkato wa sentimita 20 au zaidi, daktari anapitia kati ya mbavu upande wa kulia kwa mkato wa sentimita 5 au 6, akitumia vifaa virefu na mara nyingine kamera. Mgonjwa analala usingizi kabisa. Mashine ya moyo na mapafu ipo vilevile. Mirija yake mara nyingi inaingia kinenani. Moyo unasimamishwa vilevile. Valvu inakatwa na kushonwa nyingine vilevile. Alain Carpentier wa Paris na Delos Cosgrove wa Cleveland ni miongoni mwa walioifungua njia hii katikati ya miaka ya 1990.

Faida yake si ya urembo wa kovu. Mfupa wa kidari ukikatwa hufungwa kwa waya za chuma, na unachukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Kwa muda huo mtu haruhusiwi kunyanyua kitu cha zaidi ya kilo 4 au 5, kusukuma wala kuvuta kwa nguvu. Mfikirie mvuvi wa Kipili, ambaye kazi yake yote ni kuvuta: nyavu usiku, mtumbwi mchangani alfajiri, gunia la dagaa begani. Miezi mitatu bila kuvuta ni msimu mzima. Mfupa usipokatwa anarudi kazini mapema, na kwa kawaida damu inayopotea huwa pungufu. Ndiyo maana nasema njia hii inastahili kutamaniwa.

Sasa turudi kwa yule mwenye valvu mbovu na mishipa iliyoziba. Valvu za mitrali na aota hufikiwa vizuri kutoka kifua cha kulia. Mshipa wa koronari ulio muhimu kuliko yote, unaoshuka mbele ya moyo, uko kushoto. Mkato mmoja mdogo haufiki kote kuwili kwa urahisi. Ndiyo sababu kwa miaka mingi jibu la ugonjwa huu wa pamoja limekuwa moja: fungua kidari, pandikiza mishipa, badilisha valvu, funga. Waliotaka kuepuka kidari wakabuni njia ya kugawa kazi. Mishipa inatibiwa kwanza kwa stenti, kwa mrija. Kisha, baada ya siku au wiki kadhaa, valvu inatibiwa kwa mkato mdogo wa kulia. Joseph Lamelas na wenzake wa Miami ni kati ya walioiendeleza sana. Mgonjwa aliyekuwa na upasuaji mmoja mkubwa wa mambo mawili anabaki na mambo mawili madogo, na kwa mzee au mtu aliyewahi kufunguliwa kifua kabla, tofauti hiyo inaweza kuwa uhai.

Ila kuna kifundo hapo. Ukishawekewa stenti unapewa dawa mbili za kuzuia chembe za damu zisigandamane, aspirini na klopidogreli kwa kawaida. Ukiziacha mapema, stenti inaweza kuziba ghafla, na hiyo ni ajali ya moyo ya kuua. Ukizimeza na ukapasuliwa, unavuja damu zaidi. Daktari akingoja sana ili dawa zipungue, valvu inaweza kumlemea mgonjwa kabla ya zamu yake. Kuchagua siku ya upasuaji wa pili ni kazi ya kupima hatari mbili zinazovutana, na haifanywi na mtu mmoja. Inafanywa na daktari wa mirija, daktari mpasuaji na daktari wa usingizi wakiwa wameketi pamoja mbele ya picha.

Na stenti haimfai kila mtu. Mwaka 2012 ulitoka utafiti wa FREEDOM, wagonjwa 1,900 wenye kisukari na mishipa mingi iliyoziba. Baada ya miaka 5, waliopandikiziwa mishipa kwa upasuaji walikuwa wamepata vifo, ajali za moyo na viharusi kwa asilimia 18.7, waliowekewa stenti, asilimia 26.6. Mshipa unaochukuliwa ndani ya ukuta wa kifua na kuunganishwa kwenye ule mkubwa wa mbele hubaki wazi kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 hata baada ya miaka 10. Kwa mtu wa kisukari mwenye mishipa mitatu iliyoziba na valvu mbovu juu yake, kufunguliwa kidari mara nyingi ndiyo tiba iliyo bora, na anayemwambia asubiri tundu anamshauri vibaya.

Utafiti mwingine umewapa watu matumaini, na una haki ya kutajwa kwa haki. Unaitwa TCW, ulichapishwa mwaka 2024. Wagonjwa 172 wa Ulaya, wote wa miaka 70 na kuendelea, wenye valvu ya aota iliyobana na mishipa ya koronari iliyobana, waligawanywa: wengine walitibiwa vyote viwili kwa mrija, wengine kwa kufunguliwa kifua. Baada ya mwaka mmoja, madhara makubwa yaliwapata asilimia 4 ya kundi la mrija na asilimia 23 ya kundi la kisu. Matokeo hayo ni mazito. Lakini soma tena ni wagonjwa gani: wazee wa miaka 70, valvu ya aota iliyokauka kwa chokaa ya uzee. Valvu ya mrija imeundwa kujishikiza kwenye chokaa hiyo. Valvu ya mitrali ya kijana wa Nkasi, iliyolika kwa homa ya utotoni, ni kitu kingine. Mtu akikuonyesha video ya Ulaya, mwulize kwanza mgonjwa wa kwenye video ana umri gani na valvu ipi.

"Mishipa kuziba ni ugonjwa wa Wazungu. Sisi ugonjwa wetu ni valvu."

Kwa vijana wetu, ni kweli kwa sehemu kubwa. Utafiti wa REMEDY, uliochapishwa mwaka 2015, ulikusanya wagonjwa 3,343 wa valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki kutoka nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen. Umri wa kati ulikuwa miaka 28, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Homa hiyo huanzia kwenye koo. Mtoto anapata mafindofindo ya bakteria aina ya streptokoka, hatibiwi, na baada ya wiki chache mwili wake katika kupambana na bakteria unaanza kushambulia viungo na valvu zake wenyewe. Magoti yanavimba na kupona. Valvu haiponi. Inajikunja taratibu kwa miaka, mpaka msichana anapobeba mimba ya kwanza ndipo moyo unashindwa.

Lakini huyo msichana atafika miaka 50. Wazee wetu wa Ufipa wana presha, wana kisukari, wanavuta sigara, na wengi hawajawahi kupimwa hata kimoja. Mwongozo wa matibabu unataka mwanamume aliyepita miaka 40, na mwanamke aliyekoma hedhi, wapigwe picha ya mishipa ya koronari kabla ya kupasuliwa valvu, kwa sababu magonjwa haya mawili hukutana. Kisha kuna njia nyingine ambayo watu wengi hawaijui: mishipa iliyoziba inaweza yenyewe kuharibu valvu. Sehemu ya moyo ikifa kwa kukosa damu, misuli inayoishikilia mitrali inalegea au inakatika, na valvu iliyokuwa nzima jana inavuja leo. Ukibadilisha valvu hiyo ukaiacha mishipa, umetibu nusu ya mgonjwa.

"Amerogwa. Moyo hauumwi hivi hivi."

Sitamkejeli anayesema hivi. Ameona kijana mwenye nguvu akianza kuhema kwa kupanda kilima kidogo, akavimba miguu, akaanza kukohoa usiku na kulala ameketi, mgongo ukutani, kwa sababu akilala chali anazama. Bila kipimo, haelezeki. Kipimo kipo. Eko ni mashine ya sauti isiyosikika kwa sikio. Daktari anaweka kifaa chenye mafuta ya baridi kifuani, na kwenye skrini unaiona mitrali ikifunguka. Iliyo nzima hupepea. Iliyoharibiwa na rumatiki hupinda kama goti, ncha zake zimeshikana, na damu inayovuja inaonekana kwa rangi. Mwite baba wa mgonjwa aione. Eko haiumi, haichomi, na anaweza kuuliza maswali akiwa palepale. Mwenye kutaka kwenda pia kwa mganga ataenda. Ninachoomba ni kwamba asimnyang'anye mgonjwa dawa za kupunguza maji mwilini akiwa njiani.

"Ukitaka kupona moyo, nenda India."

Hili lilikuwa kweli, na wazazi wengi waliuza ng'ombe kwa ajili yake. Serikali ilipeleka wagonjwa India kwa miaka mingi. Mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, katika jengo lililojengwa kwa msaada wa China, na kazi iliyokuwa ikifanywa ng'ambo ikaanza kufanywa hapa kila wiki: valvu kubadilishwa, mishipa kupandikizwa, stenti kuwekwa, watoto waliozaliwa na matundu kuzibwa. Timu za nje, kama Save a Child's Heart ya Israel, zimekuja kufanya kazi na madaktari wetu na kuwafundisha. Bugando ya Mwanza na Benjamin Mkapa ya Dodoma nazo zimeingia katika kazi ya moyo. Kwa majirani kuna Uganda Heart Institute pale Mulago, na Tenwek huko Bomet, Kenya, hospitali ya misheni iliyojijengea sifa kwa valvu za rumatiki.

Ugumu wa mtu wa Kipili uko kwenye njia ya kufika. Kutoka ziwani anapanda mpaka Namanyere, kutoka Namanyere Sumbawanga, kutoka Sumbawanga kilomita zaidi ya 200 mpaka Tunduma, kisha Mbeya kwenye hospitali ya rufaa ya kanda, na kutoka Mbeya kilomita 800 na ushei mpaka Dar es Salaam. Kila kituo kinaandika upya, kinapima upya, na kila kituo ni mahali ambapo familia iliyoishiwa nauli inaweza kugeuza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni Novemba 2023, na naitetea kwa moyo wote, lakini bima hailipi kitanda cha gesti cha shangazi anayemsindikiza mgonjwa wala chakula chake kwa wiki tatu. Taasisi ya Moyo ina utaratibu wa tiba mkoba, madaktari wake wakienda mikoani na mashine. Zikitangazwa siku za kuja kwao katika mkoa wetu, zitangazwe mpaka mwaloni, kwa spika, si kwenye ubao wa hospitali tu.

"Ukishafanyiwa, umepona. Dawa basi."

Kati ya yote, hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linamuua mtu aliyekwisha kuvuka.

Mwenye valvu ya chuma anameza warfarini mpaka mwisho wa maisha yake. Valvu hiyo haichakai, lakini damu hupenda kuganda juu yake, na donge likitoka linakwenda kwenye ubongo. Warfarini nayo si dawa ya kumeza na kusahau. Ikizidi unavuja damu, ikipungua unaganda, na inavurugwa na dawa za antibiotiki, na pombe, na dawa nyingi za mitishamba. Inapimwa kwa kipimo cha damu kiitwacho INR, kila mwezi au mara nyingi zaidi. Kwa hiyo swali la kuuliza Dar es Salaam kabla ya kukubali valvu ya chuma ni hili: INR yangu nitaipima wapi? Kama jibu ni Mbeya, mpasuaji anapaswa kulijua hilo kabla hajachagua valvu.

Valvu ya tishu, inayotokana na ng'ombe au nguruwe, haihitaji warfarini ya maisha. Lakini huchakaa, pengine kwa miaka 10 hadi 20, na kwa vijana huchakaa haraka zaidi, hivyo anayewekewa akiwa na miaka 22 ajiandae kurudi mezani. Kwa msichana anayetaka kuzaa uamuzi ni mchungu zaidi: warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa wiki za mwanzo, na kuiacha kunaweza kumuua mama. Hili lizungumzwe na msichana mwenyewe, siyo na mume na baba mkwe peke yao koridoni. Pale valvu inapoweza kurekebishwa badala ya kubadilishwa, mengi ya maswali haya hupungua, na ni sababu nyingine ya kumwahisha mgonjwa kabla valvu haijakauka kabisa.

Kuna wanaoandikiwa na marafiki vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, visivyohitaji INR. Kwa valvu ya chuma vimejaribiwa. Jaribio la dabigatrani lilisimamishwa, na matokeo yake yakatoka 2013, kwa sababu waliopewa waliganda na kuvuja zaidi. Kwa wagonjwa wa rumatiki wenye mapigo yasiyo na mpangilio, utafiti wa INVICTUS wa 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500 wengi wao wa nchi kama zetu, uliona dawa za jamii ya warfarini ndizo zilizookoa zaidi. Usibadilishe bila daktari wako wa moyo.

Na sindano. Mgonjwa wa rumatiki aliyepasuliwa bado ana koo lilelile na bakteria walewale wako darasani na kanisani. Penisilini ya benzathini, sindano moja ya nyonga kila wiki 3 au 4, inaendelea baada ya upasuaji, kwa miaka mingi, kwa wengine mpaka umri wa miaka 40 au zaidi. Ni sindano ya bei ndogo, inauma, na mtu aliyepona haoni sababu ya kuifuata kituo cha afya Kirando. Aifuate.

"Tundu likifika Sumbawanga, tutapona sote."

Kuna tundu dogo moja ambalo lingewafaa watu wetu kuliko yote niliyotaja, na silisikii likisemwa. Mwaka 1982 Mjapani Kanji Inoue alitumia puto lenye umbo lake maalumu kutanua mitrali iliyobana, kwa kulipitisha kwenye mshipa wa kinena. Hakuna kidari, hakuna valvu ya kigeni, hakuna warfarini ya kulinda chuma. Kwa mama wa miaka 25 mwenye mitrali iliyobana kwa rumatiki ni tiba nzuri mno, na inaweza kufanywa hata akiwa mjamzito akilazimika. Lakini ina masharti: valvu iwe imebana na haivuji sana, iwe bado laini kiasi, na kusiwe na donge la damu ndani ya chumba cha juu. Masharti hayo yote hupotea kwa kuchelewa. Mgonjwa aliyefaa puto mwaka huu, baada ya miaka 3 anafaa kisu tu, na baada ya mingine 3 huenda asifae chochote.

Kwa hiyo anayehema usiku na kulala ameketi apelekwe Namanyere wiki hii, aombewe eko. Anayekwenda rufaa abebe picha za eko yenyewe na si maandishi yake tu, orodha ya dawa zote anazomeza pamoja na za mitishamba, sukari na presha yake ya karibuni, na tarehe ya sindano yake ya mwisho ya penisilini. Afike Dar es Salaam na maswali matatu: mishipa yangu ya koronari imepigwa picha? Valvu inarekebishika au inabadilishwa? Na kama kuna njia ya mkato mdogo kwangu, nani na nani waliketi pamoja wakakubaliana kwamba inanifaa?